Kima, Papa na Kasha la Mbao: Shajara ya Mradi wa Hadithi na Watoto wa Ngamiani

Hii ni shajara ya kikundi cha watoto wa miaka 8 hadi 12, ishirini hivi, wanaokutana Jumamosi kwenye uwanja wa nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga. Lengo letu ni watoto wajue namna watu wa nchi mbalimbali wanavyosimulia hadithi, na wao wenyewe waweze kusimulia. Naandika kwa ajili ya walimu, wazazi na vijana wanaotaka kuanzisha jambo hili mtaani kwao. Yaliyokwenda salama nayapitia haraka. Yaliyokwama nayaeleza kwa urefu, maana huko ndiko fedha na muda vinakopotelea.

18 Januari 2025: Kuanza

Ruhusa za wazazi zimepatikana, mwenyekiti wa mtaa ameshaarifiwa, uwanja ni wa bure. Mikeka tunaazima nyumba za jirani na kurudisha jioni. Ramani ya dunia watoto wameichora wenyewe nyuma ya kalenda kuukuu, kwa hiyo hadi leo hakuna gharama.

Mpango ni kila Jumamosi nchi moja na hadithi yake moja. Tunaanza na Ghana na buibui Anansi wa Waashanti, kisha Mali na habari za Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali, zinazohifadhiwa na majeli, wale wasimulizi wa ukoo. Baada ya hapo Uturuki na mmeddah, msimulizi mwenye leso na fimbo, halafu Japani, halafu Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani.

15 Februari 2025: Ziara ya dunia imegonga mwamba

Leo hatukuwa na nchi mpya. Niliwaomba watoto wasimulie wanachokikumbuka. Kijana mmoja hodari wa maneno alianza vizuri: Anansi anapanda mbinguni kwa Nyame, mungu wa mbingu, kununua hadithi zote za ulimwengu, naye anatajiwa bei ya chatu, chui, manyigu na kiumbe wa mwituni asiyeonekana kwa macho. Kabla chui hajakamatwa, Anansi alikwishakuwa ndugu yake Sundiata na yuko vitani. Wenzake hawakushtuka. Kwao zote zilikuwa hadithi za mbali, na za mbali zinachanganyika.

Walichokumbuka bila kukosea ni kofia. Kila Jumamosi tulikuwa tunatengeneza kofia za karatasi za nchi husika. Tulipofika Japani, wawili watatu walibana macho kwa vidole na kuanza kutoa sauti za kubeza. Jambo hilo liliniuma. Mtoto akiondoka hapa na kejeli mpya juu ya watu asiowajua, ni afadhali angebaki kwao akicheza rede.

Kofia zimeondoka. Kanuni iliyochukua nafasi yake tumeiandika ukutani: *Tunajifunza ufundi wa msimulizi, hatuigizi sura wala lafudhi ya mtu.*

Kubwa zaidi ni hili. Tulikuwa tunamtwika mtoto mizigo miwili kwa wakati mmoja, hadithi asiyoijua na namna ya kusimulia asiyoijua. Hadithi ndiyo inayovuta, kwa hiyo ile namna haionekani kabisa. Na kwangu mimi, namna ndiyo mila yenyewe: nani anaruhusiwa kusimulia, ameshika nini mkononi, anakatiza wapi, na msikilizaji anadaiwa nini. Hadithi inaweza kuandikwa kitabuni ikakaa miaka mia. Namna ya kuisimulia huishi kwa watu wawili wanaotazamana.

Uamuzi: tutachukua hadithi moja tu ambayo watoto wa pwani wanaifahamu tayari, tuifuate kila ilikofika. Hadithi ibaki ileile, namna ya kusimulia ibadilike. Ramadhani iko mlangoni, tunapumzika hadi baada ya Idi.

12 Aprili 2025: Hadithi moja, miti mitatu

Tumechagua ya kima na papa. Hapa kwetu karibu kila mtoto ameisikia. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wa kwao mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anasema sisi tukisafiri mioyo yetu huiacha mtini, ungeniambia mapema ningeubeba. Papa anageuka, kima anapanda mti, na safari inaishia hapo. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliisikia Unguja, akaichapa London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili.

Hadithi hii ina jamaa wengi. Kwenye Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi cha Wahindi, kima huyo yuko juu ya mzambarau, na rafiki yake ni mnyama wa majini wa aina ya mamba. Mkewe mamba ndiye anayeutaka moyo, kwa hoja kwamba anayekula zambarau tamu kila siku moyo wake lazima uwe mtamu kupita zambarau. Kitabu hicho kilihamishiwa Kiajemi cha kale katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia kwenye Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mti umekuwa mtini, na rafiki wa kima ni kasa anayedhani tini zinazodondoka majini ametupiwa yeye kwa mapenzi. Korea aliyenusurika ni sungura, na kinachotakiwa ni ini lake kwa ajili ya Mfalme Joka wa baharini. Japani ni kima tena, na ini tena.

Sikuwasomea watoto orodha hiyo. Niliweka chini zambarau, tini kavu na kuyu, nikauliza: kima alikuwa anakula nini? Ubishi uliozuka ulitosha somo zima. Mtoto wa mvuvi mmoja alishikilia kwamba mkuyu hauoti baharini, unapenda maji baridi, kwa hiyo hadithi imetoka bara. Mwenzake akamjibu kwamba papa naye haingii mtoni. Walipoambiwa kuwa Wahindi wana zambarau na Waarabu wana tini, wakaelewa wao wenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba kila watu waliipandia hadithi mti wa kwao. Kisha tukatandaza ramani na kufuata pepo: kaskazi inayoleta majahazi kutoka Arabuni na India kuanzia Desemba, kusi inayoyarudisha kuanzia Aprili. Wavuvi wadogo walinifundisha mimi hapo.

Ilipokwama ni kwenye hadithi ya ndani. Kwenye masimulizi ya Unguja, papa anaporudi kumwita, kima anauliza: umenifanya punda wa dobi? Halafu anamsimulia kisa cha punda aliyetoroka kwa dobi akanenepa porini, sungura akamrubuni kwa posa ya uongo hadi kwa simba, punda akajeruhiwa akakimbia, kisha akarubuniwa tena akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Kisa hicho cha ndani kimo pia kwa Wahindi na kwa Waarabu, katikati ya hadithi ya kima, na punda ni wa mfua nguo kotekote. Kuweka kisa ndani ya kisa ni ufundi mkubwa wa vitabu hivyo viwili, na sikutaka tuuruke.

Lakini watoto walipotea. Wakiingia kwa punda hawatoki. Msimulizi mmoja alimaliza na simba amelala, papa bado anasubiri majini. Tulijaribu kuwaachia wawili, mmoja asimulie nje na mwingine ndani, ikawa michezo miwili isiyojuana. Kubadilisha sauti nako hakukusaidia, wadogo walicheka tu.

Kilichofanya kazi ni mikeka. Mkeka mkubwa ni bahari na mkuyu. Juu yake tunaweka mkeka mdogo wa kuswalia wa ukindu, tulioazima kwa ruhusa. Kima anapoanza kusimulia ya punda, msimulizi anahamia mkeka mdogo. Hawezi kumaliza hadithi akiwa amesimama huko, lazima arudi mkubwa na kumjibu papa. Sasa wasikilizaji wenyewe humkumbusha kwa kuonyesha kidole chini. Mkubwa mmoja ameshaongeza kitambaa cha tatu, anataka sungura naye asimulie kitu akiwa ndani ya kisa cha punda. Nimemwachia.

10 Mei 2025: Kasha la kamishibai

Masika yametubana na kazi imefanyika barazani zaidi kuliko uwanjani.

Kamishibai ni masimulizi ya Kijapani yanayotumia picha za karatasi. Katika miaka ya 1930 wasimulizi walizunguka mitaani na baiskeli, nyuma wamefunga kasha la mbao lenye dirisha. Waligonganisha vibao viwili vya mbao, watoto wakakusanyika, wakauziwa peremende, ndipo picha moja moja zikavutwa dirishani. Mkate wa msimulizi ulitokana na peremende. Televisheni ilianza Japani mwaka 1953, na watu wakaibatiza kamishibai ya umeme. Wasimulizi wa mitaani wakapungua, lakini kamishibai yenyewe bado inatumika mashuleni na maktabani.

Kwenye kasha hili tunasimulia hadithi kama inavyosimuliwa Japani. Mjumbe aliyetumwa na Mfalme Joka kuleta ini la kima ni konyeza, ambaye zamani alikuwa na mifupa kama samaki wengine. Akaropoka siri njiani, kima akaponyoka, na konyeza akapigwa hadi mifupa ikamtoka. Watoto wa hapa wanamjua konyeza kwa ngozi zao, anawawasha wakioga baharini. Hakuna kielelezo nilichohitaji kuongeza.

Gharama: plaiwudi nusu shiti sh. 15,000. Bawaba, misumari na gundi sh. 6,000. Msasa na vanishi sh. 9,000. Fundi seremala sh. 20,000. Karatasi za manila shiti sita sh. 6,000. Rangi za maji na brashi sh. 14,000. Jumla sh. 70,000. Picha ni 12. Shiti moja ukiikata vipande vinne inatoa kadi nne, kwa hiyo shiti tatu zingetosha. Tatu nyingine zimekwenda kwa sababu ninazozieleza sasa.

Dirisha kwanza. Fundi alilikata sawasawa na ukubwa wa kadi, na kadi zote zikaangukia mbele kwa wasikilizaji. Dirisha lazima liwe dogo kuliko kadi, angalau sentimita moja kila upande, ili ukingo uzishike. Tumebandika fremu ya vijiti kwa ndani. Upande mmoja wa kasha uwe wazi, huko ndiko kadi inakovutiwa.

Vanishi ya pili ilikuwa hasara. Ilimeremeta mno, jua la saa nne likawa linarudi machoni mwa watoto wa kushoto na picha hazionekani. Tumeisugua kwa msasa na kupaka rangi nyeusi isiyong'aa.

Tatizo lililotula zaidi ni maneno. Kila picha iliandikwa maneno yake mgongoni mwake yenyewe, kama mtu yeyote angefanya. Kasha likasimamishwa, msimulizi akakaa nyuma, na alichokiona mbele yake kilikuwa mwisho wa hadithi. Fikiria vizuri: kadi zote zimepangwa, picha ya kwanza inatazama watu, kwa hiyo mgongo unaomtazama msimulizi ni wa kadi ya mwisho. Basi maneno ya picha ya 1 yaandikwe mgongoni mwa picha ya 12. Ukishaivuta picha ya 1 unaipeleka nyuma ya nyingine, na sasa mgongo wake ndio unaoutazama, kwa hiyo hapo yaandikwe maneno ya picha ya 2. Mgongoni mwa 2 andika ya 3, na kuendelea hadi mgongoni mwa 11 uandike ya 12. Kona ya kila mgongo chora pia kipicha kidogo cha kile watu wanachokiona, msimulizi asilazimike kuchungulia mbele. Picha kadhaa ilibidi zichorwe upya.

Baada ya kurekebisha hilo, wasimulizi wakawa wanasoma. Vichwa chini, sauti inaingia kwenye kasha. Tumefuta sentensi ndefu na kuacha maneno matano au sita tu kila mgongo: *konyeza anaulizwa – anajibu upesi – kima ananyamaza*. Mtoto anajaza mwenyewe, na macho yanabaki kwa wenzake.

Ufundi wa kasha uko kwenye kuvuta. Kadi ya konyeza anayeropoka tunaivuta nusu, tunasimama. Upande mmoja bado unaonekana uso wa konyeza anayecheka, upande wa pili umeanza kuonekana mkia wa kima. Nusu hiyo ikisimama kwa pumzi mbili tatu, watoto wote wanakaa kimya. Kadi ya kipigo inavutwa kwa mkupuo mmoja. Mtoto anayeyajua hayo mawili ameshaijua kamishibai kuliko anayejua tarehe zake.

Kuhusu peremende. Tulitaka kufuata desturi nzima, kwa hiyo tuliuza kashata kabla ya hadithi, na walionunua wakakaa mbele kama ilivyokuwa kwa wale wa Japani. Waliokosa senti walisimama nyuma, na mmoja aliondoka kimya kabla kadi ya kwanza haijavutwa. Haitarudiwa. Kashata sasa ni za wote, zinagawiwa hadithi ikiisha, na zinatoka kwenye mchango wa wazazi, sh. 5,000 kila onyesho. Jinsi biashara ile ilivyokuwa tunaieleza kwa maneno, na watoto wanaijadili wenyewe kama ilikuwa haki.

Tahadhari ya mvua: manila inajikunja kwa unyevu. Kadi zihifadhiwe bapa kati ya vipande viwili vya plaiwudi, juu kuna jiwe.

14 Juni 2025: Mpiga ngoma

Pansori ya Korea ni msimulizi mmoja aliyesimama mkekani na upepeo mkononi, na mpiga ngoma mmoja aliyekaa chini. Msimulizi anaimba, anasema, anarudi kuimba. Kati ya visa vikuu vitano vinavyoendelea kuimbwa, kimoja, Sugungga, ni hichi chetu cha sungura, kasa na ini. UNESCO iliiingiza pansori kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Watoto walifurahi kusikia hivyo, ila walichokishika ni kwamba msikilizaji wa pansori hakai kimya. Penye uzuri anapaza neno la kumtia msimulizi moyo, *eolssigu!*, na asiyeitikia anaonekana hajasikiliza.

Ngoma tumeazima. Upepeo ni wa ukindu, wa jikoni, wa kupepelea seredani. Ukifunikwa uso ni kasa, ukiinuliwa juu ya kichwa ni masikio ya sungura. Maneno ya kuitikia tumetumia yetu: *naam! ehee! hapo!* Hatukujaribu kuimba kama Wakorea. Sauti ile ya kukwaruza watu hujifunza kwa miaka, na hatutaki kuichezea.

Mara ya kwanza ikawa vurugu. Watoto walioambiwa wanaruhusiwa kupaza sauti walipaza kila neno, sungura hakusikika, na msimulizi akakaa chini kwa hasira. Tuliweka zamu za kuitikia, ikawa baridi kama paredi ya shule. Tukagawa maneno, kila mtoto na lake, wakawa wanasubiri zamu zao na hawasikilizi hadithi.

Dawa ilitoka kwenye msemo wa Wakorea wenyewe, kwamba mpiga ngoma ni wa kwanza, mwimbaji ni wa pili. Tulikuwa tumempa ngoma yeyote aliyeitaka. Safari hii tukampa binti mmoja asiyependa kabisa kusimama mbele za watu. Kazi yake ikawa moja: amtazame msimulizi, na pale tu anapoona jambo limefika, agonge. Baada ya pigo, msimulizi anavuta pumzi, na katika pumzi hiyo ndipo wasikilizaji wanaitikia. Bila pigo hakuna kelele. Binti yule ana jicho. Sungura alipomwambia kasa kwamba ini lake ameliosha na kulianika mwambani, hakugonga. Akamsubiri kasa afikiri. Kasa alipogeuza shingo kurudi nchi kavu, akagonga mara moja, taratibu, na uwanja mzima ukasema *ehee*. Tangu siku hiyo wasimulizi wanagombania kusimulia na yeye.

Gharama ya hatua hii: hakuna.

12 Julai 2025: Usiku

Kuna bibi jirani, mzaliwa wa Usambaa, anayesifika kwa hadithi. Tulimwendea kumwalika. Akakubali kwa furaha, kisha akauliza saa. Tulipomwambia saa nne asubuhi, akasema, "Wajukuu zangu, hadithi haziitwi na jua likiwa juu. Mchana ni wa kazi."

Kuna waliopendekeza tumbembeleze. Nilikataa, na naona ndilo jambo la maana tulilolifanya mwaka huu. Tumekuwa tukiwafundisha watoto kwamba Wanavajo hadithi zao za Coyote, mnyama mjanja wa jamii ya mbwa mwitu, huzisimulia majira ya baridi tu, na kwamba Wazulu huambiana anayesimulia mchana ataota pembe. Watoto waliyapokea hayo kwa heshima kwa kuwa ni ya mbali. Ya bibi wa nyumba ya tatu yastahili heshima hiyohiyo.

Kwa hiyo tumehamia usiku, baada ya Maghribi. Hilo lilileta shida zake. Wazazi waliogopa watoto kurudi gizani: sasa kila mtoto anasindikizwa, na msindikizaji anakaa kusikiliza, jambo lililotuongezea wasikilizaji wazima bila kutangaza. Taa ya sola imegharimu sh. 35,000, lakini ilikuwa kali mno, bibi akaomba izimwe. Tumeiweka nyuma ya mlango, inamulika ukuta tu. Simu zinakusanywa kikapuni. Hatukumrekodi, hakupenda.

Kabla ya kuanza alipiga *Paukwa!* Watoto wakajibu *Pakawa!* kwa ile sauti ya darasani, ya kuvuta. Akanyamaza. Akapiga tena. Safari ya tatu walijibu kama watu walioitwa. Akaendelea: *hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea*. Alipomaliza akasema ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake. Nilikuwa nimewafundisha watoto mlango huo wa kuingilia hadithini kwa miezi kadhaa. Yeye aliwafundisha kwamba usipoitikia vizuri hadithi haiji, kwa kukaa tu bila kusema.

Usiku ukatupa pia nafasi ya kujaribu ufundi wa mhakawati, msimulizi wa mikahawa ya Sham. Damascus, kwenye mkahawa wa Nawfara jirani na Msikiti wa Umawiyya, mhakawati alisoma visa vya mashujaa Antara na Baybars usiku hadi usiku, na alikatiza pale shujaa ametiwa kamba. Sisi tulikatiza kima akiwa mgongoni mwa papa, ameshaambiwa kuhusu moyo. Watoto walilalamika hadi getini, ndivyo ilivyotakiwa. Kisichotakiwa ni kwamba Jumamosi iliyofuata wengine hawakuja, mmoja ana homa, wawili wamekwenda Korogwe, na wakabaki na kima katikati ya maji. Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe alimuuliza juu ya kima kila usiku.

Marekebisho: kila aliyesikia mwisho anapewa mwenzake mmoja aliyekosa, na anawajibika kumpelekea hadithi kabla ya wiki kwisha. Si kwa muhtasari, bali yote, kuanzia pale ilipokatwa. Tunamuuliza aliyepelekewa. Kwa njia hii hata wasiopenda kusimama mbele wamesimulia, vibarazani, kwa msikilizaji mmoja, na nadhani kazi nzuri kuliko zote ya mradi imefanyika huko tusikokuwapo.

9 Agosti 2025: Wazazi wamekuja

Onyesho la wazazi limefanyika. Kila mtoto alichagua namna yake, hadithi ikiwa ileile. Wengi walichagua kasha, wachache ngoma na upepeo, wawili mikeka. Kijana yule wa Anansi alisimulia ya Kihindi yenye zambarau, akaingia kwa punda, akatoka, na hakuchanganya mtu. Mvuvi mdogo alikuwa na swali lake la muda mrefu: papa ni mjanja wa bahari, aliaminije kwamba moyo unaachwa mtini? Akalijibu ndani ya masimulizi yake. Papa hajawahi kupanda mti, kwa hiyo lolote utakalomwambia kuhusu mti atalisadiki. Jibu hilo sijalikuta popote.

Kilichopungua: kasha halionekani zaidi ya mita tano, na wazazi wa nyuma walisimama. Kwa mkutano mkubwa, wagawe watu makundi mawili, kasha lisimulie mara mbili. Usijenge kubwa zaidi, mikono ya watoto haitaweza kuvuta kadi.

Jumla ya fedha hadi leo ni sh. 105,000, yaani kasha na kadi 70,000 na taa 35,000, bila kuhesabu kashata. Ukianza na mikeka na ngoma peke yake hutatumia chochote, na ningekushauri uanze hivyo, kasha lije baadaye.

Hatua ijayo ni milango ya hadithi. Wahausa huita *Ga ta, ga ta nan*, wanajibiwa *ta zo mu ji ta*, ije tuisikie. Wahaiti huuliza *Krik?* na kujibiwa *Krak!* Tutaifungua hadithi ya kima kwa kila mlango, na bibi amekubali kuja tena, usiku.

Mwezi ujao kasha linaazimwa na kikundi cha Pongwe. Kabla halijaondoka, kadi ya 7 ichorwe upya, imelowa kona ya chini. Na anayeichora akumbuke: mgongoni mwake yanaandikwa maneno ya 8.